Magitaa Mawili Uani kwa Bi Mwanahawa

Wenzangu wa maktaba ya sauti, siku mliponiaga mliniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi, ziwafae watakaokalia kiti changu. Vyeo nimeviacha, vimo katika faili, na faili hazina msomaji. Nimechagua miaka ambayo hamkuniona, ile ya mwishoni mwa miaka ya hamsini, Tanga, kabla sijajua kwamba kupanga sauti kwenye rafu kuna shahada zake. Naomba radhi mapema kwa tabia yangu ya kufafanua jambo lililokwisha kueleweka. Tasnifu yangu ya uzamili ilirudishwa mara mbili kwa kosa hilo hilo, na sijapona.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoajiriwa. Baba yangu, Mshambaa wa mlimani, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Nyumbani tulikuwa Walutheri wa kuimba kwa sauti nne, na huko ndiko nilikojifunza kusoma nota. Duka lilikuwa upande wa Usagara, mali ya Bwana Jafari, ambaye babu yake alivuka bahari kutoka Kachi, Bara Hindi. Aliuza baiskeli, vyerehani na santuri, na heshima ya bidhaa ilifuata mpangilio huo. Upande wa santuri ulishikwa na dada yake mkubwa, Bi Sakina, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuwahi kuonekana akifurahia muziki wowote.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikamwambia kwamba najua nota.

"Nota utaziimba kanisani, mwanangu," alisema. "Una chama?"

"Chama gani, Bi?"

"Chama cha ngoma. Dada zako, shangazi zako, wanacheza na nani hapa mjini?"

"Sina ndugu hapa mjini, Bi. Wote wako shambani."

Aliniangalia kama mtu aliyeonyeshwa kitambaa kisicho na doa. "Hewaa. Kesho uje mapema."

Ilinichukua wiki mbili kuelewa usaili ule. Duka lilikuwa likikodisha mashine ya santuri kwa ajili ya harusi, na shughuli za harusi zilizo na maana zilifanyika uani, kwa wanawake, mahali ambapo fundi wa kiume hakanyagi. Alihitajika mwanamke wa kuiendesha. Lakini pia alihitajika mwanamke asiye wa upande wowote, kwa sababu wakati ule kina mama wa Tanga waligawanyika katika vyama vya ngoma vilivyoshindana kwa sare, kwa mapishi, na zaidi ya yote kwa maneno. Mkristo wa mlimani asiye na shangazi mjini alikuwa kama mzani wa sokoni: hakuna aliyempenda, lakini hakuna aliyemshuku.

Mafunzo ya vifaa yalikuwa mafupi na makali. Santuri hushikwa kwa kingo zake, kwa viganja, na vidole havigusi mistari. Hufutwa kwa kipande cha mahameli kufuata mzunguko, si kukatiza. Husimamishwa wima, ikilazwa juani robo saa hujikunja kama chapati. Zile nzito za mwendo wa kasi zilitaka sindano mpya ya chuma kwa kila upande, na sindano iliyotumika ilitupwa katika kopo la maziwa ili isitudanganye kuwa ni mpya. Bi Sakina aliniketisha nikitazama ukuta, akapiga santuri, akanitaka nitaje kila mkwaruzo unapopita. Nilipofika mkwaruzo wa saba bila kukosea alisema, "Basi masikio unayo. Sasa tujue kama una macho."

Kwa macho alikusudia jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha taaluma yetu. Uani, wimbo haukuchaguliwa kwa utamu. Mwanamke aliyekuwa na lake moyoni alimwendea mwendesha mashine, akataja wimbo, kisha akasimama katikati ya ua akiucheza taratibu, leso mkononi, macho yakiwa kwa yule aliyekusudiwa. Maneno ya wimbo yalisema kila kitu. Mchezaji hakusema lolote, kwa hiyo hakuweza kushtakiwa. Aliyepigwa kijembe naye alitafuta wimbo wa kujibu. Kwa hiyo ilimbidi mwendesha mashine ajue, kabla ya kushusha sindano, nani amegombana na nani na wimbo gani utamchoma.

Maarifa hayo Bi Sakina aliyaweka katika daftari lenye jalada jeusi. Kila santuri ilikuwa na ukurasa wake, na chini ya jina lake yaliorodheshwa majina ya wanawake ambao isingefaa kupigwa mbele yao, pamoja na sababu. Nakumbuka moja: "Upande wa pili usipigwe akiwapo mke wa seremala wa Chumbageni, tangu wali ulipoungua." Hakuna maelezo zaidi, waliohusika waliujua wali. Hilo ndilo lilikuwa fahirisi yangu ya kwanza. Nimeona nyingine nyingi tangu hapo, za nchi tajiri, na hakuna iliyofikiria msikilizaji kiasi kile.

Kanuni ya mwisho alinipa tukiwa tunafunga mashine katika sanduku lake. "Ukishashusha sindano, usiiinue mpaka wimbo uishe. Hata wakirukiana. Ukiinua, umesema."

"Nimesema nini, Bi?"

"Umesema kwamba ni kweli ni yeye."

Niliiandika. Nilijiona nimeielewa.

Sasa nifikie santuri yenyewe. Siku moja katika kasha la mzigo kutoka melini ilikutwa santuri ambayo hatukuiagiza: kubwa, nyepesi, ya mwendo wa pole, ile aina mpya yenye vipande sita kila upande. Juu ya jalada walikuwapo wanaume wawili wa Kizungu waliovaa makoti yanayofanana. Mmoja alikumbatia gitaa lililotoka waya; mwenzake alikuwa amelaza lake magotini, kama mwanamke anayechambua mchele, na mkononi ameshika kipande cha chuma. Bwana Jafari aliipiga kidogo, akangoja mwimbaji aanze. Mwimbaji hakuanza. Alingoja kipande cha pili, na cha tatu.

"Wamemsahau mwenyewe!" alisema, akaiweka rafu ya chini kabisa, ambako makopo ya mafuta ya vyerehani yalipangwa mbele yake. Ilikaa pale zaidi ya mwaka mzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia siku ile ya kwanza, nikaisahau kabisa. Naungama hilo kwa kuwa baadaye watu walinisifu kwa kuigundua, na mtu hawezi kugundua kitu alichokwisha kukipuuza.

Kilichoifufua ni ujio wa Bi Mwanahawa. Alikuwa mama mkavu, mnyoofu, mwuza vitambaa, na alizungumza kwa kukata maneno kana kwamba anayapima kwa mkasi. Binti yake Zuhura aliposwa na kijana wa kijiji cha Kigombe, na shangazi ya kijana huyo, aliyemlea tangu utoto, alikuwa Bi Tatu. Mji mzima ulijua maana yake. Bi Mwanahawa na Bi Tatu walikuwa mashoga, marafiki wa kufa na kuzikana, wa chama kimoja, wakivaa sare moja, hadi chama kilipogawanyika na kila mmoja akachukua nusu yake. Walikuwa hawajasalimiana kwa miaka sita. Vijana walipendana bila kuwauliza.

"Watu wa Kigombe wameleta neno," Bi Mwanahawa alimwambia Bi Sakina. "Nikahi itasomwa asubuhi. Alasiri watakuja kumchukua mtoto. Lakini Bi Tatu amesema, akisikia kijembe kimoja uani kwangu, kimoja tu, ananyanyua watu wake na biharusi wanamwacha palepale alipoketi."

"Na hapo ameshaolewa?" aliuliza Bi Sakina.

"Ameshaolewa. Ndiyo ubaya wake. Mke wa mtu, amekaa kwa mamake, kaachwa mlangoni kama mtungi. Mie nitaufanya nini uso wangu? Na yeye atafanya nini maisha yake?"

"Basi usikodi mashine. Kaeni kimya."

"Kimya? Watasema nimenuna."

Bi Sakina alikubali. "Kweli. Kimya nacho ni kijembe."

"Nipeni harusi isiyo na neno," alisema Bi Mwanahawa. "Sitaki wimbo wa mapenzi, sitaki wa dini, sitaki wa kumsifu mtu. Neno lolote wataligeuza."

Kazi ya kutafuta ilikuwa yangu. Nilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Kila wimbo ulikuwa na mtu wake. Hata santuri za bendi za shaba, zisizo na mwimbaji, zilichukua tuni ambazo kina mama walikwisha kuzitilia maneno yao, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Nilipoondoa makopo ya mafuta katika rafu ya chini ndipo nilipowakuta wale wanaume wawili, makoti yao yakiwa na duara la mafuta kifuani.

Niliisikiliza santuri ile mara tatu, pande zote mbili, duka likiwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Naomba mniruhusu kuwa makini hapa. Gitaa la kwanza, la umeme, lilitoa sauti kavu, kila nota ikianza na kuisha mahali pake. Lile la pili halikuanza nota, liliijia. Kwa sababu chuma huteleza juu ya nyuzi bila kuziachia, sauti ilipanda kutoka chini ya nota, ikaifikia, ikaipita kidogo, ikarudi ikitetemeka. Vipande vingi vilikuwa mazungumzo: la kwanza lasema, la pili lajibu. Sikuwahi kusikia ala inayokaribia kiasi kile kuwa koo la mtu bila kuwa koo la mtu. Ilinigusa, na nikajishuku kwa kuguswa, nikachukua karatasi.

Niliandika tuni kumi na mbili kwa nota, nikazilinganisha na kila wimbo nilioujua wa mji ule. Hakuna iliyofanana na wimbo wowote. Nikafungua ukurasa mpya wa daftari nikaandika: "Haina maneno. Haimgusi mtu." Bi Sakina aliisoma sentensi ile kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Umeisikiliza?"

"Mara tatu, Bi."

"Kwa masikio ya nani?"

Nilidhani anatania.

Siku ya harusi nyumba ya Bi Mwanahawa ilijaa kabla ya alasiri. Waya wa umeme ulipitishwa dirishani kutoka chumba cha biharusi. Wanawake wa Kigombe waliingia wakiwa na sare ya kanga moja, wakapewa jamvi upande wa kisima. Watu wa nyumbani wakakaa upande wa jiko. Katikati palibaki nafasi ambayo hakuna aliyeweka hata kiatu. Bi Tatu alikuwa mnene, mzuri, na taratibu katika kila kitu. Aliponisalimu nilisikia kwa mara ya kwanza namna anavyosema: aliingia ndani ya neno polepole, akalivuta, akalibembeleza mwishoni. "Hujaaambo, mwanaaangu?" Mji mzima uliijua sauti ile. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia, kwa kuwa hakuwa akija dukani kwetu.

Nilishusha sindano. Upande wa kwanza ulipita salama. Wanawake walisikiliza kama watu wanaomngoja mgeni aliyechelewa.

"Anaanza lini kuimba huyu?" aliuliza mmoja.

"Haimbi. Ni magitaa matupu."

"Makubwa! Harusi ya mabubu."

Walicheka, pande zote mbili, na nikaona mabega ya Bi Mwanahawa yakishuka. Nikageuza santuri. Kipande cha pili cha upande ule kilianza kwa gitaa la umeme peke yake, likigonga sentensi fupi. Kisha la pili likajibu kutoka chini kabisa, likijivuta, likipanda, likitetemeka mwishoni. Upande wa jiko msichana mmoja, ambaye nadhani hakukusudia lolote, alisema kwa sauti:

"Loo! Kama Bi Tatu vile akisalimu!"

Kicheko kilitoka kabla mtu hajakizuia. Kilianza jikoni, kikavuka ile nafasi tupu, na naapa kwamba hata kwenye jamvi la Kigombe wawili watatu waliziba midomo kwa kanga. Kisha kikakatika ghafla, wote wakamgeukia Bi Tatu. Na katika kimya kile gitaa liliendelea kumwiga, vizuri kuliko mwigizaji yeyote, kwa sababu halikujua.

Ndipo nilipofanya kosa langu. Kanuni ya Bi Sakina niliikumbuka, neno kwa neno. Lakini nilijieleza, kwa kasi ambayo bado inanishangaza, kwamba kanuni ile ilihusu nyimbo. Kwamba santuri hii haikuwa wimbo. Na kwamba kitu kisicho na maneno hakiwezi kusema, kwa hiyo kukinyamazisha pia si kusema. Hoja ilikuwa nzuri. Nikainua sindano.

Bi Tatu alisimama. Nyuma yake watu wake wakaanza kuokota viatu.

"Wee binti wa mashine," alisema. "Umezima kwa niiini?"

Ningeweza kusema umeme umekatika. Taa ya mashine ilikuwa ikiwaka, na kila mtu aliiona.

"Nimeogopa, shangazi."

"Umeogopa nini?"

"Nimeogopa utasema ni wewe."

"Mimi sijaseeema. Umesema wewe." Alimgeukia Bi Mwanahawa, aliyekuwa amesimama mlangoni pa chumba cha biharusi, mikono wazi kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. "Mwanahawa. Hii ndiyo harusi yako isiyo na neno?"

"Wallahi sikujua, Tatu. Nilikodi magitaa."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miaka sita. Nadhani wote wawili waliligundua hilo kwa wakati mmoja. Kisha Bi Tatu akaja hadi mezani kwangu, akaiinamia santuri kana kwamba anatazama ndani ya chungu.

"Rudisha. Palepale mwanzo wake. Nataka nijisikie."

Nilirudisha. Sindano iliniteleza. Mkwaruzo nilioutia siku ile ulikuwa wangu, na ningeweza kuutaja nikiwa nimetazama ukuta. Gitaa kavu likagonga. Lile jingine likajibu. Bi Tatu alisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Haya, mie ni huyo. Sikatai. Navuta, ndivyo nilivyozaliwa. Na huyo mwengine, huyo mkaaavu, anayegongagonga, asiyemngoja mwenzake amalize? Huyo nani?"

Ilikuwa wazi sana kiasi kwamba kusema kungekuwa utovu wa adabu. Bi Mwanahawa alisogea hatua mbili, akasikiliza.

"Ni mie," alisema.

"Umejisikia?"

"Nimejisikia. Nakata mno."

"Unakata mno! Miaka yote ile kwenye chama nikifungua mdomo umeshafunga kikao."

"Na wewe ukianza jambo Jumatatu, Ijumaa hujafika kwenye kitenzi."

Safari hii alicheka Bi Tatu mwenyewe, polepole, kama afanyavyo yote. Kipande kilikuwa hakijaisha. Waliusikiliza upande ule hadi mwisho wakiwa wamesimama pale mezani, bila kushikana mikono na bila kutazamana, kila mmoja akilifuata gitaa lake. Viatu vilirudishwa chini. Sindano ilipofika mwisho Bi Tatu alijifunga kanga kiunoni na kusema, "Haya, mleteni biharusi."

Siku iliyofuata nilimweleza Bi Sakina kila kitu. Hakunigombeza. Alifungua daftari, akafuta kwa kalamu sentensi yangu "Haimgusi mtu," na chini yake akaandika: "Inamgusa yeyote." Miaka mingi baadaye, katika tasnifu yangu, nilitetea kwa kurasa sitini kwamba muziki usio na maneno hauna maana maalumu mpaka msikilizaji aipe. Watahini waliomba mfano. Niliutaja mfano wa kitabuni, kutoka nchi ambayo sijafika. Kisa cha Bi Tatu nilikiacha kwa sababu ndani yake nilikuwa nimekosea, na kwa sababu sikuweza kukieleza bila kumwiga. Msifanye hivyo. Andikeni makosa yenu katika fahirisi. Ndiyo sehemu ambayo msikilizaji ataihitaji.

Lipo jambo moja ambalo sikumwambia hata Bi Sakina. Wakati wanawake wa Kigombe wakijipanga uani kwa vigelegele, niliingia chumbani kuchomoa waya wangu. Zuhura alikuwa ameketi kitandani, uso umefunikwa, hina imekauka miguuni. Kuta zile zilikuwa nyembamba. Alisikia kicheko, alisikia kimya, alisikia viatu vikiokotwa.

"Dada," alisema chini ya ushungi. "Wanakuja kunichukua, au wanaondoka?"

"Wanakuja kukuchukua."

Alivuta ushungi kidogo. "Nani kashinda?"

Nilifikiri. Nilikuwa na tuni yote kichwani, kila nota na kila jibu lake, na kama jibu lingekuwapo ningelijua mimi.

"Sijui," nilimwambia. "Kweli sijui. Sidhani kama yupo."

Nilisikia akishusha pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo.

"Afadhali," alisema. "Angeshinda mamangu, Kigombe kusingekalika. Angeshinda Bi Tatu, nisingeweza kurudi kwetu. Nishike mkono, dada, nisimame. Miguu imekufa ganzi."